Kukinai kwa Wadenmark: Ni Kinaa au ni Kufunga Mlango?

Wasomaji wetu huenda wakastaajabu kutuona leo twaacha mambo ya mji wetu na kwenda kutafuta mazungumzo katika nchi ya baridi ambayo wengi wetu hawaijui ila kwa ile mikebe ya biskuti, ambayo biskuti zikisha hutiwa nyuzi na sindano. Hatukwenda huko kwa kupenda matembezi. Kijana mmoja wa darsa letu alikuja na kitabu kinachosifu maisha ya Wadenmark, akasema, "Hawa ndio walioipata kinaa ambayo sisi twaisema kila siku na hatuna." Mzee wetu mmoja akamjibu, "Mwanangu, hiyo si kinaa. Hiyo ni raha ya mtu aliyekwisha kushiba akafunga dirisha." Maneno yakawa marefu, na darsa la usiku ule halikusomwa. Tangu siku hiyo tumelichungua jambo hili kwa kadiri ya uwezo wetu, na tumeona kwamba kila mmoja wao alishika upande mmoja wa kweli na kuuacha wa pili.

Neno linalosifiwa ni hygge, na kulitamka kwake ni karibu na "hyuge". Asili yake ni katika lugha ya Norway, nchi iliyokuwa chini ya ufalme mmoja na Denmark hata mwaka 1814. Maana yake haiingii katika neno letu moja. Ni utulivu, na faraja, na kuwa pamoja na watu ambao mtu hana haja ya kujifaragua mbele yao. Ili kulifahamu yatupasa kwanza tuifahamu baridi. Mwezi wa Disemba katika mji wa Copenhagen jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote ni kiasi cha saa saba, na hizo nazo mara nyingi zina mawingu. Basi watu huingia ndani. Huwasha mishumaa, huvaa soksi za sufu, hunywa kahawa, hula mkate na keki, na huzungumza polepole. Mwenye nyumba hakai juu ya mgeni, wala mgeni hakai akangojea kutumikiwa; huyu hukata mboga na yule huosha vyombo. Mtu hataji mali yake wala cheo chake, na mambo ya siasa yenye kuleta ugomvi huachwa nje pamoja na viatu.

Sisi watu wa pwani hali hii twaijua. Ni baraza, lakini ni baraza iliyoingizwa ndani kwa sababu ya baridi, na mlango ukafungwa. Tunamwomba msomaji auweke akilini mlango huo, kwani tutaurudia.

Mwaka 2016 neno hili lilivuka mipaka. Vitabu vingi juu yake vilitoka Uingereza katika mwaka huo mmoja, na kimoja kilichoenea sana ni cha Meik Wiking, mkuu wa taasisi moja ya Copenhagen inayochungua furaha ya watu. Mwaka uliofuata neno likatiwa katika kamusi kubwa ya Oxford. Wafanya biashara nao hawakulala: wakauza mishumaa ya hygge, na mablanketi ya hygge, na vikombe vya hygge. Hapa hatuna haja ya kukaa sana. Mtu anunuaye kitu ili akumbuke kukinai kwa alicho nacho amekwisha kuuharibu wudhuu wake kabla hajafika msikitini.

Lakini haifai kuwalaumu Wadenmark kwa sababu ya wachuuzi. Swali letu ni jingine: kukinai kwao kumesimama juu ya nini? Kwani utulivu haupatikani kwa kutakwa tu. Mtu asiyejua kama mwanawe akiugua kesho ataweza kumtibu, huyo hata ukimwashia mishumaa mia, moyo wake hautakaa.

Tazameni mambo yao yalikoanzia. Mwaka 1864 Denmark ilipigwa vita na Prussia na Austria ikashindwa, ikapoteza Schleswig na Holstein, sehemu kubwa ya ardhi yake na watu wake. Taifa lililokuwa na ufalme mpana likajikuta limebaki dogo. Yako mataifa ambayo yakipatwa na hayo hukaa miaka mia yakiota kisasi. Wadenmark walio wengi walishika njia nyingine. Mwaka 1866 Enrico Dalgas na wenziwe waliunda chama cha kuihuisha nyika kavu ya Jutland, nayo ikapandwa miti na kulimwa. Tangu mwaka 1844 huko Rødding palikuwa pamefunguliwa chuo cha watu wazima wa mashamba, kwa fikra za mwanachuoni wao Grundtvig, mahali ambapo mwana wa mkulima alisoma bila ya kutafuta cheti. Vyuo vya namna hiyo vikaenea. Na mwaka 1882 wakulima wa kijiji cha Hjedding walishirikiana wakajenga kiwanda chao cha siagi, na vijiji vingine vikaiga. Katika vyama hivyo kura ilihesabiwa kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe: mwenye ng'ombe mmoja na mwenye arobaini, kila mmoja alikuwa na kura moja.

Ndugu zetu, hapo ndipo twaona asili ya ule mshumaa. Watu waliokwisha kuketi katika mkutano mmoja, tajiri na maskini, na neno la kila mmoja likawa na uzani sawa, hao wanaweza kuketi katika chumba kimoja jioni bila ya mmoja kumwonea mwenziwe haya. Leo nchi hiyo hutoza kodi nzito. Ile ya kununulia vitu peke yake ni 25 katika kila 100. Nao hulipa, huku wakinung'unika kama watu wote, lakini hulipa, kwani huona kinachorudi: hospitali haidai fedha kwa mgonjwa, na chuo kikuu hakidai karo kwa mwana wa nchi. Tajiri hupungukiwa kidogo, na maskini huondokewa na khofu. Khofu ikiondoka, utulivu hupata mahali pa kukaa.

Iko kisa kimoja kinachoonyesha jambo hili kuliko hesabu yo yote. Wadenmark wana desturi ya kumwacha mtoto mchanga alale ndani ya kigari chake nje ya mkahawa, nao wazazi wakawa ndani wanakunywa kahawa. Mwaka 1997 mama mmoja wa Kidenmark alifanya hivyo katika mji wa New York. Polisi walimshika, na mtoto akachukuliwa na serikali kwa siku kadhaa. Mama alishangaa, na watu wa New York walimshangaa yeye. Kitendo ni kimoja. Kule ni amana, huku ni uhalifu. Hatusemi kwamba watu wa New York walikosa. Wao waliijua njia yao. Twasema tu kwamba yule mama alikuwa amechukua safarini kitu kisichochukulika, nacho ni kule kuaminiana kwa watu wa kwao.

Hadi hapa kijana wetu ana haki. Sasa na tumsikilize mzee.

Mzee alisema: huenda wamekinai kwa sababu hawatumaini makubwa. Neno hili si la mzaha. Ripoti ya dunia juu ya furaha ilipoanza kutolewa mwaka 2012, Denmark ilikuwa ya kwanza, na ikawa ya kwanza tena mwaka 2013 na 2016, na mwaka 2018 Finland ikaichukua nafasi hiyo ya kwanza. Kabla ya hayo yote, mwaka 2006, wataalamu waliandika katika jarida la matabibu wa Uingereza, nusu kwa kweli na nusu kwa kicheko, kwamba siri ya Wadenmark ni kutotazamia mengi kutoka katika mwaka ujao. Kikija kidogo hufurahi, kisipokuja hawafadhaiki. Na mwandishi Aksel Sandemose, aliyezaliwa Denmark, alitunga mwaka 1933 hadithi ya mji aliouita Jante, wenye sheria kumi ambazo zote zakusanyika katika neno moja: asijione mtu kuwa bora kuliko sisi. Wadenmark wenyewe huitaja "sheria ya Jante" hata leo, wengine kwa kujivunia na wengine kwa uchungu.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno. Kuzuia kibri ni jambo jema. Kumzuia mtu asiinuke ni jambo jingine. Mwenye kukinai huangalia kilicho mkononi mwake akaridhika nacho. Mwenye husuda huangalia kilicho mkononi mwa jirani akataka kipungue. Na ukiwaona wawili hawa wameketi kimya katika chumba kimoja, huwezi kuwatenganisha kwa macho. Twadhani kwamba katika nchi ile wamo wote wawili, kama walivyomo katika kila mji, na huu wetu haukosi.

Lakini shaka yetu iliyo kubwa ni juu ya ule mlango. Mwanachuoni wao Jeppe Trolle Linnet, aliyeichungua hygge na kuandika juu yake mwaka 2011, ameeleza kwamba joto la ndani huchora mpaka: waliozoeana hustarehe, na asiyejua desturi zao hubaki mgeni hata akiwa amekaa mezani. Miaka ya mwisho ya 1960 walikwenda Denmark wafanya kazi kutoka Uturuki, Pakistan, Morocco na Yugoslavia, wengi wao Waislamu, mpaka mlango wa kazi ulipofungwa mwaka 1973. Wana na wajukuu wao wamezaliwa huko. Hatutaki kurudia khabari ya picha za gazeti za mwaka 2005. Zimesemwa vya kutosha, na insafu yatupasa kukumbuka pia kwamba Disemba 2023 bunge lao lilikataza kuvitendea vibaya vitabu vitakatifu hadharani. Twataja jambo lililo karibu zaidi na nyumba. Mwaka 2018 zilitungwa sheria juu ya mitaa ambamo wenye asili ya nchi zisizo za magharibi wamezidi nusu na hali ya maisha ni dhaifu. Mtoto wa mitaa hiyo akifika mwaka mmoja, kama hayumo katika malezi ya kawaida, yapasa apelekwe kwa saa 25 kila wiki akafundishwe lugha na desturi za nchi. Mzazi akikataa, aweza kunyimwa posho ya mtoto. Wenye sheria husema ni kwa faida ya mtoto, na kujua lugha ni faida, hilo hatubishi. Lakini mzazi wa mtaa wa pili, mwenye jina la Kidenmark, halazimishwi. Basi usawa ule wa kura za Hjedding umefika mlangoni ukasimama.

Na ingekuwa ni hivyo tu, tungempa mzee ushindi tukanyamaza. Lakini Oktoba 1943, Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi walipotaka kuwakamata Mayahudi, watu wa Denmark waliwaficha majumbani, katika hospitali na makanisani, na katika majuma machache wakawavusha kwa mashua za wavuvi hadi Sweden, watu zaidi ya 7,000. Hawakuwa wote malaika. Wako wavuvi waliotoza nauli kubwa. Na katika mji wa Gilleleje, kiasi cha watu 80 waliofichwa juu ya dari ya kanisa walichongewa wakakamatwa. Hata hivyo walio wengi walivuka.

Tulipoyasoma haya mbele ya darsa, kijana alisema, "Waliweza kufungua kwa sababu walikuwa wamekinai, aliyekinai hakhofu kupungukiwa." Mzee akasema, "Waliweza kwa sababu waliogongea mlango walikuwa jirani waliowajua. Niambie wangefanyaje kwa wasiowajua." Kijana hakujibu usiku ule. Mwenye jawabu kati ya wasomaji wetu na atuandikie. Tutalisoma mbele ya wote wawili.