Ramani Isiyo na Watu

Dust ni mji ninaoujua kona kwa kona kuliko mitaa mingi niliyowahi kupanga. Uliundwa mwaka 1999 na kijana wa Kiingereza, Dave Johnston, kwa ajili ya Counter-Strike, wakati gemu yenyewe ilikuwa bado kazi ya mashabiki iliyojengwa juu ya Half-Life. Hakwenda jangwani kupima chochote. Aliiga picha za gemu nyingine iliyokuwa haijatoka. Matao, makasha, kuta za rangi ya mchanga. Hakuna hata nguo iliyoanikwa. Miaka yote niliyocheza humo sikujiuliza wenyeji wamekwenda wapi.

Mwaka 2012, nikiwa likizo kwetu Mji Mkongwe, Zanzibar, nikatengeneza ramani yangu: kutoka msikitini mpaka nyumba ya ami. Nilipima vichochoro kwa hatua, nikapiga picha milango ili niibandike kwenye kuta za ramani. Uaminifu huo haukudumu. Kichochoro ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu, kwenye gemu kinakwamisha wachezaji, basi nikakipanua. Baraza za mawe niliziacha zote, tena kwa furaha. Ukichutama ubavuni mwake, risasi hazikupati.

Tulicheza wanane, sebuleni kwa ami, kompyuta zimeunganishwa kwa waya. Tulicheka sana mmoja wetu alipofia kwenye mlango wa nyumba ile ile tuliyokuwemo.

Ami akaja na kikombe chake cha kahawa, akasimama nyuma yangu.

"Hapa si kwetu hapa?"

"Ndipo, ami."

"Na watu wako wapi?"

Nikamwonesha waliokuwa wakikimbia na bunduki.

"Hao wageni. Nauliza watu." Akanywa funda moja. "Mimi nishauona mtaa huu hivi."

Akatoka, akaenda kukaa barazani. Januari 1964 alikuwa na miaka tisa. Habari za mwezi ule hajatusimulia, nasi tulilelewa kutouliza.

Usiku nikajaribu kurekebisha. Counter-Strike ina mateka, na ukimpiga mateka unakatwa fedha. Nikamweka mmoja kwenye baraza, awe mzee wa kahawa. Raundi ya tatu mwenzetu akampiga makusudi, aone atakatwa kiasi gani.

Rafiki huyo hushikilia kwamba hakuna aliyeumia. Hata bao lina nyumba, husema, na hakuna anayelia kete zikiliwa. Nakubali nusu. Nyumba ya bao haina mlango wa mtu. Mimi nilichukua milango ya majirani, nikawafuta wenyewe, na niliwafuta kwa sababu ya kiufundi kabisa: mtoto anayekatiza na mkate angemfanya mpigaji asite, na gemu ya kusitasita haichezeki. Kuhusu Dust, nilizoea kujitetea kwamba si kwa mtu. Siku hizi nafikiri kuna watoto waliokulia penye kuta kama zile ambao wangeuliza swali la ami.

Faili bado ninalo. Mwaka jana rafiki yule aliniomba aliweke kwenye seva, watu wa mbali wapate kuiona Zanzibar. Sijamjibu. Ami bado anakaa barazani jioni. Nikimwomba ruhusa namrudisha Januari ile. Nisipomwomba, nitakuwa nimemfuta mara ya pili.