DAWA YA MUGONJWA: NANI ALIPE?



Ulizo tunalopenda kuwaza pamoja nanyi ni hili: je, ni haki mugonjwa alipe dawa anayoandikiwa na munganga? Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Mama mumoja wa kanisa letu, hapa komini ya Lubumbashi, alileta mutoto wake mwenye homa tumuombee. Tuliomba siku tatu. Siku ya tatu ndipo tuliona karatasi ya munganga, imefungwa katika ncha ya kikwembe chake. Alikuwa amenunua nusu ya dawa tu, maana feza iliishia pale. Sisi mashemasi hatukumuuliza. Mutoto alipelekwa hospitali akiwa zaifu sana. Alipona, lakini yeye na mama yake walizuiliwa kule juu ya deni. Kanisa lilichanga, wakatoka. Kama tungalichanga mbele, sehemu ndogo ya feza ile ingalitosha.

Wengine kati yetu wanasema: dawa iwe bure kama zamani. Ni kweli, wazee wetu waliofanya kazi Union Minière, na kisha Gécamines, walitunzwa pamoja na bibi na watoto wao katika hospitali za kampani bila kutoa feza mulangoni. Lakini ile haikuwa bure. Shaba ndiyo ililipa, pamoja na jasho la baba. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka wa 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, na katika mwaka wa 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Shaba ilipoanguka, dawa nayo ikaanguka. Na hata katika siku zile nzuri, mama mwenye kuuza makala sokoni hakuwa na nafasi katika hospitali ya kampani.

Wengine wanasema: kila mutu alipe yake. Mwaka wa 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, katika inchi ya Mali, wakakubali njia hii: mugonjwa atoe kitu kwa dawa, na feza ile ibaki katika kituo cha afya ili inunue dawa ingine. Wazo hilo lina akili, maana kabati tupu haiponyeshi mutu. Walisema vilevile masikini wahurumiwe, lakini sehemu hiyo ndiyo inayosahauliwa upesi. Uganda iliondoa malipo katika vituo vya serikali mwaka wa 2001. Wagonjwa walikuja wengi, zaidi wale masikini; lakini pale dawa ilipokosekana, mutu alirudi kuinunua dukani.

Tuangalie Maandiko. Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi aliyekimbia nyuma ya mutu yule kutafuta mali alirudi na ukoma. Basi maombi hayauzwi. Lakini Musamaria mwema aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, maana mafuta, divai na kitanda vina bei. Mwangalie basi ni nani aliyelipa: si yule aliyelala njiani na vidonda, ni yule aliyekuwa na nguvu na punda.

Hapo ndipo tunaona jibu. Dawa lazima ilipwe, lakini siku ya ugonjwa ni siku mbaya ya kumudai mutu. Siku hiyo hafanyi kazi, na homa ya mutoto haingoji. Mwenye afya alipe leo, kidogo kidogo, kwa ajili ya yule atakayelala kesho. Na kesho anaweza kuwa yeye mwenyewe. Serikali ndiyo yenye mukono murefu kwa kazi hii, kwa kodi ya madini yetu, na haifai tuinyamazie. Lakini tusikae kungoja.

Kwa hiyo mashemasi tunaomba mambo mawili. Kwanza, kisanduku cha wagonjwa kisimame karibu na kisanduku cha sadaka. Pili, mutu akija kuombewa, tumuulize kwa upole, bila kumupatisha haya: munganga alikuandikia nini, na umekwisha kununua ngapi? Kuomba na kuuliza havigombani. Sisi tulijifunza neno hili kwa siku tatu, na mutoto wa mama yule ndiye aliyezilipa.

Bwana awalinde na awape afya. Amina.