Uadilifu wa Mwenye Kutunga Mchezo wa Vita

Watu wengi hudhani ya kuwa mchezo ni mchezo tu, hauna haki wala dhuluma ndani yake. Huenda neno hilo likawa kweli kwa michezo mingi, lakini uko mmoja ambao mtungaji wake amebeba amana nzito, nao ni mchezo wa vita.

Katika Prussia, dola ya Wajerumani ambayo leo haipo, afisa mmoja wa mizinga aitwaye von Reisswitz alipiga chapa kanuni za mchezo huu mwaka 1824, akiendeleza kazi aliyoianza babake. Nao si kama bao. Katika bao kete zote zi wazi, kila mtu aziona za mwenziwe. Huku pande mbili huandika amri zao kwa siri, wakazipeleka kwa mwamuzi, naye huweka juu ya ramani yale tu ambayo macho ya askari yangaliweza kuyaona. Kila zamu ni dakika mbili za vita, na hasara ya risasi hukatwa kwa dadu.

Sasa, ni ipi mas'ala njema ya mchezo huu? Mtungaji akimwekea mchezaji njia tatu, mbili za upumbavu na moja ya akili, hakumpa khiari. Amempa njia moja na kuifunika. Na akimzungushia adui pande zote asiweze kutoka, vile vile hakumpa khiari. Lakini tuseme afisa ana vikosi viwili na madaraja mawili ya kulinda, na wenziwe hawajavuka mto. Akivigawa vikosi, huenda akashindwa kote kuwili. Akivikusanya, daraja moja limekwenda. Akingoja khabari, jua litakuchwa naye hajaamua. Kila njia ina faida na ina gharama, na gharama hiyo aijua kabla ya kuamua. Hapo ndipo idhihirikapo akili ya mtu, na analolitanguliza.

Huenda mtu akauliza: kuna faida gani kumtaabisha afisa hivyo? Si bora ashinde, moyo wake upate nguvu?

Jawabu latoka Japani. Mwezi wa Mei 1942, kabla ya vita vya Midway, wakuu wa manowari zao waliyacheza mashambulio hayo juu ya meza. Fuchida, mmoja wa maafisa wao, amesimulia ya kuwa mwamuzi alihukumu mabomu tisa ya adui yamepiga. Jemadari wa bahari Ugaki, aliyesimamia mchezo, akayafanya matatu. Na manowari Kaga, iliyohesabiwa kuzama, baadaye ikarudishwa mchezoni. Mwezi wa Juni Wajapani walipoteza manowari nne zichukuazo ndege, na Kaga ni mojawapo. Safari hii hapakuwa na mkono wa kuirudisha.

Basi mwenye kumsahilishia mwenziwe mas'ala hakumhurumia. Amemwakhirishia taabu hata siku ambayo gharama yake ni roho za watu. Na hukumu hii haiwahusu maaskari peke yao. Mwalimu atungaye mtihani, na nahodha amfundishaye kijana usukani, kila mmoja yampasa amwonyeshe mwanafunzi wake uzito wa jambo kama ulivyo, angali pahali ambapo akikosea ataweza kuanza tena.