Ushindani wa Maneno ya Utafutaji na Suala la Ushahidi

Ushindani wa neno la utafutaji ni ugumu wa kuufikisha ukurasa wa tovuti kwenye majibu ya mwanzo pale mtu anapoandika neno hilo, au fungu la maneno, katika Google na mitambo mingine ya kutafutia. Programu za kupimia, kama Ahrefs na Semrush, huutaja ugumu huo kwa namba kuanzia 0 hadi 100. Mtembeza wageni wa Morogoro mjini anayetaka kuuza safari za hifadhi ya Mikumi hujikuta akigombea neno moja na kampuni kubwa za Arusha, Dar es Salaam na hata Ulaya; akigeukia njia za kupanda vilele vya Bondwa au Lupanga katika milima ya Uluguru, washindani hupungua. Wengi huishia hapo: neno gumu liachwe, jepesi lichukuliwe. Lakini namba hiyo imebeba swali zito zaidi. Je, aliye wa kwanza yuko pale kwa sababu anajua, au kwa sababu anatajwa na wengi?

Jibu limo katika jinsi mitambo hii ilivyoundwa. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kanuni ya PageRank: kiungo kinachotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kuwa ushahidi, na uzito wa shahidi utegemee ni nani wanaomshuhudia yeye. Tangu hapo Google imeongeza vigezo vingi, lakini viungo havijaondoka, na namba ya Ahrefs hutokana hasa na wingi wa tovuti zinazoelekeza viungo kwenye kurasa kumi za mwanzo. Ni hesabu ya mashahidi.

Tatizo la kuhesabu mashahidi lilishughulikiwa karne nyingi zilizopita na wanazuoni wa hadithi za Mtume, kwa undani ambao wahandisi wa mitandao hawajaufikia. Habari iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka la wapokezi huitwa mutawatir, nayo huleta yakini. Hata hivyo wingi peke yake hautoshi: sharti wapokezi hao wawe ni watu wasioweza kukubaliana juu ya uongo. Mashahidi mia waliofundishwa maneno na mtu mmoja ni shahidi mmoja tu. Hadithi dhaifu nazo zilitofautishwa. Iwapo udhaifu umetokana na kumbukumbu mbaya ya mpokezi, njia nyingi zaweza kutiana nguvu mpaka hadithi ikafikia daraja ya hasan, yaani njema. Iwapo umetokana na mpokezi kutuhumiwa uongo, hata zije njia ishirini hazisaidii kitu. Google ilifika hapo kwa kuchelewa. Biashara ya kununua na kubadilishana viungo ilistawi kwa miaka mingi, hadi mabadiliko yaliyoitwa Penguin, ya Aprili 2012, yalipoanza kuzishusha tovuti zilizopanda kwa ushahidi wa kununuliwa.

Njia ya haki ya kuupima ushindani, basi, ni ile ya kadhi: kuwaita mashahidi na kuwahoji. Mpimaji hufungua kurasa kumi za mwanzo na kuzisoma. Je, ukurasa umeandikwa juu ya jambo hilo hasa, au umelitaja kwa mbali? Viungo vyake vimetoka kwa watu wanaoijua milima, au kwenye tovuti za kamari? Mwandishi anajua kwamba Lupanga ndicho kilele kinachoutazama mji, na kwamba Kimhandu, kirefu kuliko vyote, kiko kusini na kinapita mita 2,600, au amevichanganya? Ukurasa wenye viungo mia na kosa la namna hiyo waweza kubaki juu kwa muda mrefu, lakini ni mshindani dhaifu kuliko namba inavyodai. Vipimo viwili visihesabiwe kabisa: jumla ya majibu ambayo Google huitaja, kwa kuwa hakuna anayeshindana na ukurasa wa milioni moja, na safu ya ushindani katika zana ya Google ya kupangia matangazo, kwa kuwa hiyo hupima wanaolipia matangazo, si kurasa.

Jambo lingine lisilosomeka katika namba ni nia. Sahihi ya Bukhari hufunguliwa kwa hadithi ya nia, na fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, huyatenga matendo mawili yanayofanana kwa sura kwa kutazama makusudio yake. Neno "Morogoro" laonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Anayeliandika huenda anatafuta tiketi ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024. Huenda anataka udahili wa Chuo Kikuu cha Sokoine, nyimbo za mwanamuziki wa Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, au habari za foleni ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam. Mtambo hauoni moyo wa mtu. Huikisia nia ya mmoja kwa mwenendo wa wengi waliomtangulia. Ukishakisia kwamba watafutaji wanataka tiketi, ukurasa wa kupanda milima hautapenya hata uwe na viungo vingi namna gani. Mshindani wa kweli ni yule tu anayejibu nia ile ile.

Mzani huu wa viungo una dhuluma yake pia. Pango la Kolelo huko Uluguru lilikuwa mahali pa ibada, na wanahistoria wamelihusisha na imani zilizochochea Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mzee wa ukoo wa Kiluguru aliyeipokea habari hiyo kwa bibi zake ndiye mpokezi aliye karibu zaidi na chanzo, lakini masimulizi ya mdomo hayapewi kiungo. Makala ya profesa hupewa.

Katika upande wa pili wa mizani liko neno lisilo na mshindani. Wafanyabiashara huliita fursa. Fiqhi ingeuliza kwanza kama kuna mwenye haja nalo, kwa maana jambo ambalo jamii inalihitaji huweza kuwa fardhi kifaya: wakilitimiza wachache, wajibu huwaondokea wengine, wakiliacha wote, wote wana dhambi. Mbuzi wa maziwa waliletwa Mgeta, katika milima hiyo hiyo ya Uluguru, mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia Sokoine, na utafiti juu yao umeandikwa kwa wingi, sehemu kubwa kwa Kiingereza. Mfugaji wa Nyandira, kijiji cha Mgeta, anayeuliza kwa Kiswahili jinsi ya kumlisha mbuzi huyo wakati wa kiangazi ameandika neno ambalo programu zitalipa ugumu mdogo na watafutaji wachache, na mshauri wa biashara atasema halilipi. Kwa kipimo cha haja, neno hilo lilipaswa kuwa na jibu kabla ya neno lolote linalohusu hoteli za Mikumi, na wa kwanza kudaiwa jibu hilo ni chuo kilichofanya utafiti.