Machozi ya Ukumbini

Wahenga walituachia neno kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ikiwa ndivyo, je, ni haki mwenye shibe apande jukwaani, avae matambara, ajipake vumbi usoni na kuigiza njaa mbele ya wenye shibe wenzake? Nao walipe kiingilio, watoe leso, walie, kisha warudi nyumbani kula chakula cha usiku? Swali hili laweza kuonekana dogo, la watu wenye nafasi ya kwenda kutazama michezo. Sisi hatulioni kuwa dogo, maana lagusa jambo ambalo kila Mkristo ataulizwa siku ya mwisho: ulipomwona mwenye njaa, ulifanya nini?

Tuchukue mfano ulio wazi. Katika miji mingi ya Marekani kuna vikundi vya maigizo vya wenyeji. Mwalimu, karani, muuguzi, fundi wa magari na mama wa nyumbani hukutana jioni baada ya kazi zao, hufanya mazoezi pasipo mshahara, na mwishowe huwachezea majirani zao. Miongoni mwa michezo ambayo vikundi kama hivyo huthubutu kuicheza ni ule uliotokana na riwaya ya John Steinbeck iitwayo The Grapes of Wrath, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Zabibu za Hasira. Riwaya hiyo ilitolewa mwaka 1939, ikapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1940. Mwandishi wake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1962. Frank Galati aliigeuza kuwa mchezo wa jukwaani. Kikundi cha Steppenwolf kiliucheza kwanza huko Chicago mwaka 1988, kisha ukafika New York mwaka 1990 na kupewa tuzo ya Tony kuwa mchezo bora wa mwaka huo.

Yasimuliwayo humo si ndoto tupu. Mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Juu ya hayo, mvua zilikatika katika nchi tambarare za katikati, na udongo uliolimwa pasipo uangalifu ukachukuliwa na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935, nayo ilikuwa Jumapili ya Matawi, dhoruba ya vumbi iligeuza mchana kuwa usiku. Hata leo siku hiyo huitwa Jumapili Nyeusi. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Oklahoma na majimbo ya jirani walifungasha vyombo vyao, wakashika barabara ya 66 kwenda California. Mwaka 1936 Steinbeck aliwatembelea makambini mwao, akaandika habari zao katika gazeti la San Francisco News kabla hajaandika riwaya yake.

Jamaa ya Joad, ambao ndio wenye hadithi, ni wakulima waliofukuzwa katika shamba walilokuwa wakililima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, kwa kuwa trekta moja laweza kufanya kazi ya jamaa nyingi. Wanavutwa na karatasi za matangazo zinazoahidi kazi ya kuchuma matunda. Wafikapo California wanakuta karatasi hizo zimewaita watu wengi kupita kazi iliyopo, na kila mwenye njaa mpya asimamapo langoni mwa shamba, ujira wa mwenzake hupungua. Matunda yanaharibiwa makusudi ili bei isishuke, na watoto wanakufa kwa kukosa chakula kifaacho.

Mtihani mkubwa wa wachezaji wetu uko mwishoni. Mafuriko yamewafukuza akina Joad mahali walipokuwa wakilala. Binti yao aliyeolewa, Rose of Sharon, ambaye jina lake latoka katika Wimbo Ulio Bora, ameachwa na mumewe na amezaa mtoto mfu. Wanakimbilia ghala la nyasi, na humo wanamkuta mtu akaribiaye kufa pamoja na mwanawe mdogo. Mtu huyo hajala kwa siku sita, kwani kidogo alichopata alimwachia mtoto. Tumbo lake haliwezi tena kupokea mkate, lahitaji maziwa. Mama na binti wanatazamana, wakaelewana pasipo maneno mengi. Kisha yule binti, mwenye maziwa yasiyo na mtoto wa kuyanywa, anamnyonyesha yule mgeni. Hapo hadithi inakoma.

Wengi hawakuipenda. Mwaka ule ule wa 1939, wakuu wa wilaya ya Kern, iliyoko California kwenyewe, walikipiga marufuku kitabu hicho katika shule na maktaba zao. Filamu iliyotengenezwa na John Ford mwaka 1940 haikulionyesha tendo hilo la mwisho hata kidogo. Sasa fikirini kikundi cha mji mdogo. Huko New York mchezaji ni mgeni kwa watazamaji wake. Katika mji mdogo yule binti ni mwana wa fulani. Aliyelala katika nyasi ni karani wa posta. Na katika safu ya mbele ameketi bibi yake mzaa mama. Ni rahisi mno kusema, “Tulifunge pazia mapema kidogo, wala mchezo hautaharibika.” Je, walifunge?

Hatuwacheki hata kidogo wale wasemao ndiyo. Haya ni fadhila, na taifa lililopoteza haya limepoteza ukuta wa nyumba yake. Binti asiyetaka kuigiza tendo hilo asilazimishwe na mtu yeyote, wala asiitwe mshamba. Lakini yafaa tukumbuke haya ni mlinzi wa nini. Haya hulinda heshima ya mwili ambao Mungu aliuumba, na mwili huo haupungukiwi na heshima unapookoa uhai. Katika kanisa la Pio Monte della Misericordia mjini Napoli, juu ya altare, ipo picha ya matendo ya huruma iliyochorwa na Caravaggio karibu na mwaka 1607. Humo mwanamke anaonekana akimnyonyesha mzee kupitia vyuma vya dirisha la gereza. Ni kisa cha kale cha Warumi, cha binti aliyemwokoa baba yake aliyehukumiwa kufa kwa njaa. Kwa tendo hilo moja mchoraji alionyesha mawili: kumlisha mwenye njaa na kumtembelea mfungwa. Kwa zaidi ya miaka 400 sasa waumini wamesali mbele ya picha hiyo.

Basi, haya yaweza kulindwa kwa namna ya kutenda. Blanketi, mgongo uliogeuzwa, taa iliyopunguzwa nuru, uso wa mama akitazama: hayo yatosha, na kila mwenye akili atafahamu. Kulificha tendo lenyewe ni jambo jingine kabisa.

Lakini lipo shtaka zito kuliko hilo, nalo halitoki kwa wakuu wa Kern. Latoka kwa Mtakatifu Agostino. Alipokuwa kijana mjini Karthago alipenda mno michezo ya kuhuzunisha, na baadaye, katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake, alijihoji kwa ukali. Kwa nini mtu apende kutazama kwa huzuni mambo ambayo yeye mwenyewe hangetaka yampate? Tena ni huruma gani hiyo, ambayo haimwiti mtazamaji amsaidie mwenye shida, yamwita asikitike tu? Na kadiri anavyosikitika ndivyo anavyowasifu wachezaji. Asiposikitika, huondoka akinung'unika kwamba mchezo haukuwa mzuri. Mtakatifu huyu ameuweka mkono wake juu ya kidonda. Machozi ya ukumbini yana utamu wake. Humfanya aliaye ajione mwema, wala hayamgharimu zaidi ya bei ya kiingilio.

Hapo ndipo twaona kwa nini pazia lisifungwe mapema. Tangu mwanzo wa mchezo, mtazamaji ameketi katika kiti kile kile cha Agostino: ameona babu akizikwa kando ya njia, ameona watoto wakizunguka chungu cha mtu mwingine, naye amewahurumia wote pasipo kuinua mkono. Sasa anaonyeshwa mtu mmoja ambaye angeliliwa na dunia nzima ikawa ni haki. Amepoteza mume, mtoto na nyumba. Tena binti huyu tangu awali hakuwa mkarimu. Alikuwa akijihurumia na kunung'unika kama wengi wetu. Naye ndiye aachaye kujililia na kutoa kitu pekee kilichosalia kwake, tena kwa mtu ambaye hata jina lake halijui. Tendo hili likikatwa, watazamaji watabaki na machozi yao kana kwamba yalitosha. Likiachwa, litawahukumu. Kwa hiyo lile tendo wanaloliogopa ndilo dawa ya ugonjwa aliouona Agostino.

Hatusemi kwamba kitabu hiki ni katekisimu. Yumo mtu aitwaye Casy, aliyekuwa mhubiri akaacha kazi hiyo, ambaye adhani kwamba pengine hakuna dhambi wala fadhila, kuna mambo tu ambayo watu huyatenda. Hilo hatulikubali. Na kwa maoni yetu hata hadithi yenyewe hailikubali. Kama hakuna wema wala ubaya, kwa nini twakasirika tuonapo machungwa yakiharibiwa mbele ya watoto wenye njaa? Kwa nini ukumbi mzima hunyamaza kimya yule binti ainamapo katika nyasi? Dhamiri ya mtazamaji humjibu Casy kabla padre hajafungua kinywa.

Na baada ya pazia je? Hapo kikundi cha wenyeji kina nguvu ambayo hata ukumbi mkubwa wa New York hauna. Watazamaji wa mji mkubwa hutawanyika wasijuane. Wale wa mji mdogo watakutana kesho dukani, na wanajua ni nyumba gani moshi haujaonekana tangu juzi. Mashamba ya California yangali yakichumwa na watu wahamao kutafuta kazi, wengi wao wakiwa wametoka Mexico, na wako wachumaji wanaopata taabu ya kuilisha jamaa yao. Anayemlilia Joad wa mwaka 1939, kisha akamgeuzia uso mchumaji wa leo kwa sababu lugha yake ni ngeni, huyo amelipa kiingilio bure. Mtakatifu Yakobo alikwisha kutuonya juu ya mtu amwambiaye ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, asimpe kitu.

Nasi tuandikao tusijitoe katika hukumu hii. Ni rahisi kuandika juu ya njaa ukiwa na sahani mezani, na ni rahisi kwa msomaji kusema makala yamemgusa, kisha akalikunja gazeti. Wengi wenu mmepata kutazama mchezo wa Noeli parokiani, ambamo mtoto wa jirani huigiza mwenye nyumba ya wageni na kuwafungia mlango Yosefu na Maria. Sote hucheka kwa kuwa mtoto amejitahidi. Tungefanya vema kujiuliza usiku ule ule ni nani aliyebisha mlangoni petu wiki ile, nasi tulimjibu nini.

Jibu letu, basi, ni hili. Mwenye shibe na aigize njaa, na wenye shibe wenzake waje watazame, kwa maana pengine ni kwa njia hiyo tu wataanza kumjua mwenye njaa. Wachezaji waucheze mchezo mpaka mwisho wake, kwa adabu na pasipo woga. Lakini asiwepo atakayedhani kwamba deni lake limelipwa ukumbini. Machozi yatoka kwa Mungu, nayo yakusudiwa kutulainisha mioyo ili mikono ifanye kazi. Mtu akilia jioni na asubuhi akapeleka kibaba cha unga kwa jirani, mchezo ule umekuwa na faida kwake.