Kupokea Nusu ya Haki



Watu wa Pwani wana methali mbili ambazo kila mtu mzima azijua, na kila moja yaikanusha ya pili. Moja ni "Nusu shari kuliko shari kamili", na nyengine ni "Ngojangoja huumiza matumbo". Mwenye kupatana hushika ile ya kwanza, na mwenye kuona uchungu hushika ya pili. Maneno ya waraka huu ni juu ya mahali methali hizo zilipokutana uso kwa uso, napo ni katika jambo la matibabu ya wanyonge nchini Tanzania. Suali lake ni hili: watu waliodai haki kamili wakapewa nusu, je, waipokee au wairudishe?

Ili maneno yasiwe matupu, na atazamwe mtu wa Nansio. Nansio ni mji mkuu wa wilaya ya Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Viktoria katika mkoa wa Mwanza. Watu wa Lamu, wa Mafia na wa Pemba hawana haja ya kuelezwa maisha ya kisiwani: kila kitu kikubwa kiko ng'ambo, na kati ya mgonjwa na tabibu mkubwa pana maji. Meli ya Nansio huchukua saa kadhaa kufika Mwanza. Na maji yenyewe hayana amana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika wilaya hiyo hiyo, wakafa watu zaidi ya 200.

Tena maji hayo yana maradhi yake, nayo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi ya kila aingiaye: mvuvi avutaye wavu, mwanamke afuaye nguo, mtoto aogeleaye. Dawa yake ni vidonge vya bei rahisi, na watoto wa shule hugawiwa. Lakini aliyemeza dawa leo hurudi majini kesho. Na mtu akikaa na maradhi hayo miaka mingi pasi na kutibiwa, ini lake huharibika, tumbo hujaa maji, mishipa ya umio huvimba, hatta siku moja akatapika damu. Huyo si mgonjwa wa zahanati tena. Ni mgonjwa wa hospitali kubwa.

Sasa na itazamwe kadi yake. Mwaka 2018 serikali iliutengeneza upya Mfuko wa Afya ya Jamii, ikawekwa kwamba nje ya Dar es Salaam kaya ya watu sita ilipe shilingi 30,000 kwa mwaka, nayo itibiwe kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa. Katika Mwanza hospitali ya mkoa ni Sekou Toure. Hospitali ya rufaa ya kanda, yenye matabibu wa maradhi makubwa, ni Bugando, nayo iko juu ya kilima katika mji huo huo. Basi kadi ile ilikuwa yamvusha mvuvi ziwa, lakini haimpandishi kilima. Hiyo ndiyo nusu inayozungumzwa hapa.

Nusu hii haikuja siku moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 dola ilishika kauli kwamba matibabu ni haki ya raia pasi na malipo mlangoni. Zahanati zikajengwa vijijini, na mwaka 1977 matibabu ya kutafutia faida yakapigwa marufuku. Kisha hazina ikapungua na dawa zikaadimika. Mwaka 1991 matabibu wa faida wakaruhusiwa tena, na kuanzia 1993 wagonjwa wa hospitali za serikali wakaanza kuchangia. Iliandikwa kwamba wajawazito, watoto wadogo na mafakiri wasitozwe. Lakini msamaha ulioandikwa pasi na kutengewa fungu la fedha ni kama mwaliko wa karamu isiyopikwa: mgeni hupokewa kwa adabu, akarudi na njaa yake.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1999 ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri wake huongeza asilimia 3. Mvuvi hana mshahara wala mwajiri, kwa hivyo yeye akawekewa mfuko wa pili, ule wa jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Ikawa safina mbili: moja ya wenye mishahara, yenye matanga mazima, na moja ya wenye jembe na nyavu, inayotiwa viraka kila mwaka.

Watu wa islahi wakasema, na iwe safina moja. Mwezi wa Septemba 2022 mswada wa bima ya afya kwa wote ukafika Bungeni. Wizara ikataja mchango wa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na 84,000 kwa mtu mmoja. Mswada ulitaka pia mtu asipate mambo fulani, kama leseni ya udereva au ya biashara, illa awe na bima. Zogo likawa kubwa. Ukaahirishwa zaidi ya mara moja, ukatengenezwa upya, na mwezi wa Novemba 2023 ukapita. Katika muda huo kulikuwa na rai nyengine pia. Chama cha ACT Wazalendo kilitaka kila raia aingizwe katika hifadhi ya jamii, na bima ya afya iwe ndani yake.

Hapo wapenda islahi wakagawanyika makundi mawili, na kila kundi lapaswa kusikilizwa kwa insafu.

Kundi la kwanza lilikasirika. Hoja yake ni kwamba bima ni shirika la wazima na wagonjwa, matajiri na mafakiri. Kila mtu akitia chake, mzito hubebwa na wengi. Ikiwa mwenye afya na mali yuaweza kukaa pembeni, huingia wagonjwa peke yao, na chombo huzama kwa uzito wake. Ndivyo mfuko wa hiari wa vijijini ulivyodhoofika. Kundi hili likasema tena: kaya ya Nansio ambayo 30,000 yaisumbua, 340,000 itaitoa wapi? Na kila mapatano yafanywapo, kinachokatwa huwa ni fungu la asiyekuwapo barazani. Mwenye mshahara hakupunguziwa kitu.

Kundi la pili lilisema kuwa sheria iliyopita, ijapokuwa na upungufu, imethubutisha kwa maandishi kwamba kila mkaazi wa nchi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwalipia wasiojiweza. Wanazuoni wa fikihi nao wana kanuni inayojulikana, kwamba jambo lisilopatikana lote haliachwi lote. Asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa, wala haambiwi aiache sala mpaka apone.

Ni nani mwenye haki? Na itazamwe mapatano makubwa kuliko yote katika tarehe ya Kiislamu, nayo ni suluhu ya Hudaibiya ya mwaka wa 6 wa Hijra. Waislamu walikuwa wamekwenda kufanya Umra. Wakapatana na Makuraishi warudi mwaka ule pasi na kuingia Makka, waje mwaka wa pili; na mtu wa Makka atakayekimbilia Madina bila ya idhini ya walii wake arudishwe. Hatta Bwana Umar bin al-Khattab aliona uzito mkubwa, akauliza wazi kwa nini wakubali unyonge. Hasira yake haikuwa dhambi, kwani ilitoka katika kuipenda haki. Na baada ya miaka miwili Makka ilifunguliwa.

Wapatanishi wa leo hupenda kuitaja Hudaibiya, wakafika kwenye kufunguliwa kwa Makka wakanyamaza. Humsahau Abu Jandal. Huyu alikuja na minyororo miguuni wakati mapatano yaandikwa, naye ni mtoto wa Suhail bin Amr, mjumbe wa Makuraishi. Akarudishwa kwa baba yake. Yeye ndiye aliyelipa thamani ya suluhu ile. Lakini hakufichwa. Aliambiwa usoni pake asubiri, na kwamba Mwenyezi Mungu atamjaalia faraji yeye na wanyonge wenziwe. Ikawa hivyo, alipata njia akatoroka, akajiunga na Abu Basir pwani kwenye njia ya misafara, hatta Makuraishi wenyewe wakaomba sharti lile liondolewe. Basi kila suluhu ina Abu Jandal wake, na uhalali wake wapimwa kwa namna atendewavyo huyo.

Abu Jandal wa mapatano haya ni yule mvuvi wa Nansio, naye hakuwamo barazani. Hapa ndipo makundi yote mawili yanapokosea. Sharia yajua kwamba mtu hupatana kwa haki yake mwenyewe: mdai yuaweza kusamehe nusu ya deni lake, na ni wema. Lakini wakili hasamehi deni la aliyemwakilisha pasi na idhini yake, wala mlezi wa yatima hatoi mali ya yatima ili apate sifa ya upole. Aliyekubali nusu kwa niaba ya mvuvi, akashangilia kana kwamba ni kamili, ametoa kisichokuwa chake. Na aliyeikataa nusu hiyo, aseme ni heri kusiwe na sheria mpaka ipatikane timamu, huku yeye ana kadi mfukoni na hospitali mtaani, naye ametoa kisichokuwa chake. Usafi wa msimamo wake waligharimu ini la mtu mwengine.

Wapenda islahi wa Marekani walipita njia hii. Katika sheria ya matibabu ya mwaka 2010, iliyotiwa saini na Barack Obama, walitaka mfuko wa serikali wa kushindana na makampuni ya bima; ukaondolewa ili zipatikane kura, na wengi wakasema wamesalitiwa. Lakini mwaka 2017 wapinzani wa sheria ile walipotaka kuifuta, waliosimama kuilinda walikuwemo wale wale waliokasirika. Ikaokoka katika Seneti kwa kura 51 kwa 49. Walijua wakati huo kwamba nusu isiyolindwa haingoji kutimizwa, huporwa.

Liko na jambo zito kwa Mwislamu. Katika mapato yaliyotengewa mfuko wa wasiojiweza mnatajwa pia ushuru wa pombe na wa michezo ya kubahatisha. Wako wanazuoni waliosema kwamba mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hupewa mafakiri, na fakiri hana lawama. Lakini kuna hatari iliyo mbele ya hiyo: dola ikizoea kumtibu yatima kwa fedha ya mlevi, itafika siku iuone ulevi kuwa ni neema. Fungu la mgonjwa lafaa lisimame katika hazina nzima ya nchi, lisitegemee maovu kuzidi.

Basi jawabu ya suali ni hii. Nusu na ipokewe, kwa masharti matatu.

La kwanza, mwenye kupatana aanze kwa chake. Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala mwaka 99 mpaka 101 wa Hijra, alihimizwa na mwanawe Abdulmalik asimamishe haki yote kwa mara moja. Akamjibu kuwa akhofia watu wakibebeshwa haki yote kwa siku moja wataitupa yote kwa siku moja. Lakini mzee huyu wa taratibu alikwisha kurudisha kwanza mali za jamaa zake, na mapambo ya mkewe yakaingia Baitulmali. Taratibu ya mtu wa namna hiyo huaminiwa. Ya mtu asiyepoteza kitu ni uvivu uliovishwa joho.

La pili, kilichoachwa kitajwe. Asiambiwe mvuvi kwamba amepata bima kamili, kisha akajua kwenye dirisha la hospitali kwamba kadi yake haifiki huko. Aambiwe wazi, kama alivyoambiwa Abu Jandal, kilichopatikana ni hiki, na kilichobaki ni hiki.

La tatu, hati isiraruliwe. Mtu adaiye reale mia akalipwa hamsini hazitupi baharini kwa hasira, kwani watoto wake wana njaa. Wala hachani hati kwa furaha. Huzipokea, akaandika nyuma ya karatasi ile ile: zimelipwa hamsini, zimebaki hamsini. Kisha hurudi kesho kubisha mlango. Ghadhabu ya wapenda islahi ina kazi hapo, kwani bila ya yeye hakuna aendaye kubisha. Nayo haina kazi ikiwa ni ya kukaa nyumbani na kuwalaani waliokwenda.

Na mgonjwa wa Nansio akiulizwa, ambaye ndiye mwenye haki na hakuulizwa, hatasema nusu shari kuliko shari kamili, wala hatasema ngojangoja huumiza matumbo. Ataichukua kadi, atapanda meli, atateremka Mwanza, kisha atauliza njia ya kupanda kilima. Wajibu wa kila mwenye kauli ni kuhakikisha kwamba siku moja jawabu itakuwa ni kuonyeshwa njia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na awape wenye amri khofu ya kuulizwa. Amin.