Ramadhani, Siku ya 17: Adui wa Badr, Mwandishi wa Suluhu



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja aliniuliza: "Shekhe, Rwanda na Kongo walitia saini Washington tarehe 27 Juni 2025, mbona risasi hazikukoma? Kuna amani kweli pale?" Nikamwambia subiri kesho, maana kesho ni siku ya Badr.

Siku kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipambana na Makureshi. Mmoja wa mateka alikuwa Suhail bin Amr. Mwaka wa 6, pale Hudaybiyya, Makureshi wakamtuma nani kuja kufunga suluhu? Suhail huyo huyo! Akakataa yaandikwe maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Ali (R.A.) hakuweza kuyafuta. Mtume (S.A.W.) akayafuta mwenyewe. Je, utume wake ulipungua? Hapana. Na Suhail, Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8, akasilimu.

Tuje kwetu. Wazee mnaikumbuka Oktoba 1978. Jeshi la Amin liliingia, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Amin alikuwa Mwislamu kama sisi, lakini dhulma ni dhulma. Aprili 1979 majeshi yetu yakaingia Kampala. Askari wetu waliouawa wamelala Kaboya, hapo Muleba. Nani angeamini siku zile kwamba tarehe 30 Novemba 1999 Tanzania, Uganda na Kenya zingekaa Arusha kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki? Leo pale Mutukula malori yanapishana, mchele unakwenda, bidhaa zinakuja. Hatukusahau, makaburi yapo. Ila hatukuwarithisha watoto chuki.

Kwa hiyo kijana wangu, karatasi peke yake haitoshi. Hata ya Hudaybiyya ilivunjwa kabla ya miaka miwili. Lazima dhulma ikome, na kila upande ukubali kuacha kitu. Lakini tusikate tamaa: Surat Al-Anfal, aya ya 61, inatufundisha kwamba adui akielekea kwenye amani, nasi tuelekee huko, tumtegemee Allah.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Ndugu yako wa tumbo moja hamsalimiani, kisa mpaka wa kibanja, migomba mitatu! Tumefundishwa kwamba kila Jumatatu na Alhamisi waja husamehewa, ila wawili waliogombana husubirishwa mpaka wapatane. Unashinda na njaa, halafu msamaha unakusubiri mlangoni kwa kaka yako? Nchi zilizopigana kwa mizinga leo zinauziana mchele. Nyinyi mmeshindwa nini?

Leo kabla ya futari mpigie simu. Usiseme "aanze yeye." Mbora ni anayeanza salamu. Kama una haki yako, idai kwa wazee au barazani, lakini salamu usiikate.

Ewe Mola, wape amani jirani zetu wa Kongo na Rwanda, warehemu waliolala Kaboya, na uunganishe nyumba zetu. Aamin.

Kesho baada ya daku, in shaa Allah.